Ni Nini, au Ni Nani?

Hebu tuulizane kwanza, ndugu msomaji. Mtu anaweza kung'oa mmea kwa sababu unaenea kupita kiasi, halafu jioni akakaa kijiweni akawatetea watu waliokuja kutoka mbali wakazaliana, na bado asiwe mnafiki? Swali hili si langu. Nilitupiwa na rafiki yangu mmoja mwenye ulimi mkali, na tangu siku hiyo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Najua wapo watakaosema, ah, maua na watu wapi na wapi! Subirini kidogo.

Mmea wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba yetu hapa Mwanga, Kigoma. Kwetu hakuna aliyeupanda. Ulianzia kwenye uzio wa nyumba ya pili, kichaka kimoja tu cha kupendezesha macho. Misimu miwili ya mvua ikapita, tukauona chini ya mpapai, kisha kando ya bafu, kisha ukaingia kwenye tuta la matembele la Bibi. Maua yake ni mazuri, sikatai. Kishada kimoja kina rangi mbili tatu kwa pamoja, njano katikati na nyekundu pembeni. Nyumbani kila mtu aliuita kivyake. Watoto waliuita maua ya pipi. Mama aliuita ule uzio. Bibi aliuita miba, basi, maana ndiyo aliyokuwa akikutana nayo kila akichuma mboga.

Nikapiga picha kwa simu. Siku hizi mambo ni rahisi, ipo programu unayoionyesha jani ikakutajia jina. Ikaniletea majina matatu, la kwanza Lantana camara. Mdogo wangu akasema, "Basi kaka, yamekwisha, lete jembe." Nikamwambia bado. Simu imekisia, na kukisia si kujua. Mmea huu una ndugu zake na wanaofanana nao ambao ni wenyeji wa Afrika hii hii. Ipo Lantana rugosa, yenye vijiua vidogo vya zambarau. Ipo Lippia javanica, yenye vijiua vyeupe na majani yanayonukia, ambayo watu wa sehemu nyingi za Afrika huyachemsha kama chai wakibanwa na kikohozi. Ukishika jembe kwa kukisia, unaweza kummaliza asiyehusika kabisa.

Kwa hiyo nilichutama pale nikaanza kusoma alama moja moja. Shina, nikalizungusha kwenye vidole: lina pembe nne, halikuviringa kama ya miti mingine, na lina vimiba vilivyopinda kurudi nyuma. Majani yamekaa wawili wawili, yametazamana, yanakwaruza kama msasa, na kingo zake zina meno. Ukilifikicha jani linatoa harufu kali ambayo haitoki mkononi upesi. Ua la katikati ni la njano kwa sababu ndilo changa; yale ya pembeni yalikwisha kukomaa yakageuka rangi. Chini yake kuna vijitunda vya mviringo, vya kijani vikiwa vichanga, vikiiva vinakuwa vyeusi vya zambarau na kung'aa. Ndege wanavipenda hivyo, na ndio wanaobeba mbegu na kuziangusha chini ya mipapai ya watu. Alama zote zikaitika. Ndipo nikakubali kwamba jina ni lile lile la kwenye simu.

Nikasoma zaidi. Jina hilo liliandikwa na Msweden Carl Linnaeus mwaka 1753. Asili ya mmea ni Amerika ya kitropiki. Wazungu waliuchukua kwao karne ya 17, wakauchanganya mbegu mara nyingi ili wapate rangi za kuvutia bustanini, kisha wakautawanya kwa meli mpaka India, Afrika na Australia. Kwa hiyo huu tulio nao nyuma ya bafu ni chotara aliyetengenezwa na mikono ya watu. Leo IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, limeuweka katika orodha yake ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani. Haya, hicho ndicho nilichokipeleka kijiweni jioni, nikidhani ni habari ya maua.

Mmoja akadakia, "Kumbe mgeni! Ndiyo maana hana adabu." Tukacheka. Mwingine akaongeza, "Si kama hawa wa kwetu? Unawapa uzio, kesho wako kwenye tuta." Wakacheka zaidi. Hakutaja mtu, lakini sisi wa Kigoma hatuhitaji kutajiwa. Mji wetu uko mpakani. Kuna watu hapa ambao wakikohoa tu wanaulizwa walizaliwa wapi. Bibi yangu mzaa mama alivuka ziwa kwa mtumbwi usiku mwaka 1972, mwaka ambao Burundi watu waliuawa kwa maelfu kwa maelfu na waliosalia wakakimbilia huku. Nikawaambia, "Bibi yangu ni mmoja wa hao." Kicheko kikakatika. Muuza kahawa akajifanya anachochea mkaa.

Ndipo rafiki yangu alipolileta swali lake. Hakulileta kwa chuki, tuelewane, yeye hupenda hoja kama wengine wanavyopenda mpira. Akasema, "Kaka, chagua moja. Kama ugeni si kosa, weka jembe chini, liache ua lako lienee. Na kama ugeni ni kosa, basi usitukemee sisi. Huwezi kuwa na sheria moja ya bustani na nyingine ya mtaa."

Sikumjibu kwa kelele. Nilimwambia nitaandika. Ndiyo haya.

Nianze na ugeni. Asubuhi ya pili yake niliitazama sahani ya chakula cha mchana. Ugali wa muhogo: muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno. Maharage, fahari ya mkoa wetu: nayo ni ya Amerika. Nyanya ni ya Amerika, pilipili vilevile. Mawese angalau ni ya Afrika, ingawa mchikichi asili yake ni kule magharibi na Kongo. Mwenyeji kamili kwenye sahani ile alikuwa dagaa peke yake. Hata huyo dagaa, mmoja wa aina zake, lumbu, alichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika akapandikizwa katika Ziwa Kariba kwenye miaka ya 1960. Leo kule Zambia na Zimbabwe wanamwita kapenta, na watu wanaendesha maisha kwa ajili yake. Kwetu mwenyeji, kwao mgeni, samaki ni yule yule.

Na mwembe je? Ujiji bila miembe ni Ujiji gani? Inasimuliwa kwamba Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871 chini ya mwembe, na mpaka leo watalii wanapelekwa pale. Lakini mwembe ni mti wa Asia ya Kusini. Ulikuja na misafara, ukakaa, ukatupa kivuli, na hakuna anayeuliza vyeti vyake. Kwa hiyo rafiki yangu yuko sahihi nusu: kama ningekuwa nang'oa kwa sababu ya ugeni, ningepaswa kuanza na sahani yangu mwenyewe. Ugeni si kosa. Hapo tumefunga.

Basi nang'oa kwa sababu gani? Kwa sababu ya madhara. Majani ya lantana yana sumu kwa mifugo. Jirani yetu alikuwa na beberu mweupe aliyekuwa akizunguka akila kila kitu. Siku moja akaacha kula, macho yakawa manjano, na ngozi ya pua na masikio ikaanza kubanduka akikaa juani. Bwana mifugo alipokuja aliutazama uzio kabla hata hajamtazama mbuzi. Akaeleza kwamba sumu ile huharibu ini, na ini likiharibika, ngozi haivumilii jua. Mbuzi hakufika mwisho wa wiki. Tena ukiachia lantana, inafunga kichaka kizito ambacho ndani yake mimea mingine haipati nafasi, na mizizi na majani yake yanatoa kemikali zinazodumaza wenzake. Ukiikata bila kutoa kisiki, inachipua tena kwa hasira. Vichaka vyake vimeonekana pia kuwa maficho ya mbung'o katika nchi za Afrika Mashariki. Matembele ya Bibi yalikuwa yanakufa, mbuzi alikuwa amekwisha kufa. Hii si porojo.

Lakini hapo rafiki yangu alikwisha kunisubiri mlangoni. "Sawa," alisema, "madhara. Na hao watu hawafanyi madhara? Hakuna mwizi kati yao?" Yupo. Nitakuwa mwongo nikisema hayupo, kama nitakavyokuwa mwongo nikisema hakuna mwizi kati ya Waha, au Wamanyema, au Wachaga. Kwa hiyo hoja ya madhara peke yake haitoshi kututenga bustani na mtaa. Nilikaa hapo siku nyingi. Ni Kiswahili chenyewe kilichonitoa.

Angalieni. Nilipochutama kwenye ule mmea nilijiuliza, "Hiki ni nini?" Na nilipopata jina nilipata karibu kila kitu. Nikijua kwamba hii ni Lantana camara, najua majani yake yana sumu, najua ndege watabeba mbegu zake, najua itachipua nikiikata vibaya. Sihitaji kuufahamu mche huu mmoja mmoja. Mche wa chini ya mpapai hauna tabia yake na wa kando ya bafu tabia yake. Hakuna mche utakaoniambia, "Mwaka huu nimeamua sitamgusa mbuzi." Jina la aina ndilo habari yote.

Mtu je? Mtu hatuulizi hivyo. Akibisha hodi gizani tunauliza, "Nani?" Mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba ukiuliza "nini" kuhusu mtu umekosa adabu. Na ukiniambia kwamba huyu ni Mrundi, au ni Mha, au ni Mkongo, umeniambia nini? Umeniambia labda lugha aliyobembelezewa utotoni. Hujaniambia kama analipa madeni, kama anampiga mkewe, kama atanigawia maji bomba likikauka. Hayo yamekaa kwa mtu mwenyewe, mmoja mmoja, tena leo anaweza kuwa hivi na kesho akabadilika. Mtu akiiba ashitakiwe, aitwe kwa jina lake aliloitwa na mama yake, asikilizwe, na akipatikana na hatia afungwe yeye. Si shangazi yake. Si mtaa mzima.

Hapo ndipo sheria mbili zinapopata haki ya kuwa mbili. Na iko tofauti nyingine iliyojificha chini ya hiyo. Ninapong'oa lantana siiadhibu. Adhabu inataka kosa, na kosa linataka nia, na mmea hauna nia. Haukupanda meli wenyewe. Walioupanda ni watu, tena kwa sababu ulikuwa mzuri. Kazi ya jembe ni matunzo ya bustani tu, haina kesi, haina shahidi, haina utetezi. Sasa anayemwita mtu gugu anataka nini? Anataka hiyo ruhusa ya jembe. Anataka kumwondoa mtu bila kesi, bila shahidi, bila utetezi, halafu jioni anawe mikono kama mtu aliyetoka shambani. Hilo neno moja linaruka mahakama nzima.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1994, kuanzia Aprili, hapo Rwanda tu, majirani waliitwa mende, redio ikahimiza watu wakate miti mirefu, na kuua kukaitwa kazi. Kazi! Kama vile watu wanaamkia palizi. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu wa redio ile na wa gazeti, ambao mikononi mwao walikuwa na maikrofoni na kalamu. Sisemi kwamba rafiki zangu wa kijiweni ni watu wa namna hiyo. Ni watani, na kesho yake yule aliyetoa mzaha alinilipia kahawa. Nasema tu kwamba mzaha wa bustani una barabara yake, na tunajua barabara ile iliwahi kufika wapi.

Wanaosoma Injili watanikumbusha mfano wa ngano na magugu. Naujua. Lakini hebu usomeni tena polepole: watumwa ndio waliokuwa na haraka ya kung'oa, na mwenye shamba aliwakataza, wasije wakang'oa na ngano. Hata pale palipokuwa na magugu ya kweli, kazi ya kutenganisha haikupewa watu wa kijiweni.

Labda mnauliza Bibi mwenyewe alisemaje. Nilidhani ataionea huruma lantana, mgeni kwa mgeni. Wapi! Nilipomweleza kwamba mmea umetoka mbali kama yeye alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ule unaua mbuzi. Ng'oa, tena ng'oa na kisiki." Yeye ni mkulima, hana mchezo na tuta lake. Nilipomsimulia maneno ya kijiweni hakukasirika. Alisema usiku ule wa 1972, walipofika huku wamelowa, mama mmoja wa Kiha alitoka na taa ya kibatari. "Hakuniuliza mimi ni kabila gani. Aliniuliza, 'Unaitwa nani?' Nikamwambia. Akaniita kwa jina, akanipa kitenge kikavu, na asubuhi akanionyesha mahali pa kulima." Basi. Akarudi kwenye matembele yake. Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa ule msafara wa 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na ni jambo la kujivunia. Lakini nadhani yule mama wa kibatari alikuwa ametangulia miaka 42, na hakuwa na muhuri wowote.

Tuling'oa. Ilituchukua Jumamosi mbili, mimi na mdogo wangu, tumevaa mashati ya mikono mirefu. Tulichimba visiki, tukaviacha vikauke juu ya mawe, na jirani akakubali uzio wake tuubadilishe. Hatukufurahia. Sioni haja ya mtu kufurahia kung'oa, hata gugu. Neno gugu lenyewe, ukilifikiri, halitaji aina ya mmea. Linataja ugomvi kati yetu na mmea mahali fulani. Kule kusini mwa India mafundi wanazichukua fito za lantana hiyo hiyo wakatengeneza viti, meza, hata sanamu za tembo wakubwa kama tembo wenyewe. Kwa hiyo hata hukumu ya bustani ni ya pale pale bustanini, si ya dunia nzima na milele.

Lipo moja ambalo sijalimaliza, na sitaki kuwadanganya kwamba nimelimaliza. Vipepeo walikuwa wanakuja kwenye yale maua, wengi, hasa saa nne asubuhi jua likipamba. Sasa hawaji. Watoto wameuliza wamekwenda wapi. Nimepanda maua mengine, bado hayajakolea. Kwa hiyo jembe langu lilikuwa na haki, na bado kuna waliopoteza kitu. Kama kung'oa ua tu, tena lenye sumu, tena baada ya kuhakikisha jina lake kwa alama sita, kunaacha pengo ambalo mtoto analiona, basi wewe unayetaka kung'oa watu kwa jina la kabila peke yake, umehesabu kweli?

Nasema haya kwenu hasa wenzangu mnaoandika, mnaotunga, mnaotia maneno kwenye midundo. Sisi ndio tunaobeba maneno kutoka mahali hadi mahali, kama ndege na zile tunda nyeusi. Neno gugu ni zuri, lina kazi yake, liacheni lifanye kazi kwenye tuta. Likitaka kuvuka uzio na kuingia mtaani, mlikamate mlangoni mliulize: unamtafuta nini, au unamtafuta nani?

Rafiki yangu amesoma rasimu hii. Amesema hoja ya "nini" na "nani" ameielewa, lakini hajakubali, na ati atanijibu katika toleo lijalo. Namkaribisha. Mkimsoma, msomeni yeye kwa jina lake.